Ndugu yako ameshikwa na polisi Kenya? Anzia hapa

Kwanza ulizeni amewekwa stesheni gani na kosa ni gani, na muwe na namba ya OB (Occurrence Book, kitabu cha polisi cha kuandikia matukio). Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema lazima afikishwe kortini ndani ya masaa 24, ila kama masaa yameishia wikendi ama usiku basi ni siku ya korti inayofuata. Ana haki ya kunyamaza, na asisign statement yoyote hajaisoma.

Dhamana ya polisi ni bure jamani, ukitoa pesa taslimu dai risiti, hiyo pesa hurudishwa kesi ikiisha bora asiruke korti.

Sasa hapa ndio watu huumia. Karani anasoma mashtaka, hakimu anauliza ni kweli ama si kweli, mtu anajibu "ni kweli" ndio arudi home haraka, kumbe ashajifunga, maana ukikubali kosa rufaa inabaki ya kupinga adhabu tu, sio hatia. Kama haelewi lugha aseme palepale, mkalimani ni bure. Akikana, aombe hati ya mashtaka na statement za mashahidi.

Wakili hamna pesa? Jaribuni National Legal Aid Service, huduma ya serikali ya msaada wa kisheria. Upande wa mashtaka ukimaliza hakimu anaamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu, akiwa nayo anaweza kujitetea kwa kiapo, bila kiapo, ama anyamaze. Akihukumiwa na hakimu, rufaa ni ndani ya siku 14.