Namna ya Kupima Matokeo ya Kugawana Ushindi katika Hoki ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Sisi wa Mtwara na Lindi tumezoea mechi za nyumbani na ugenini, kwa hiyo tukiona timu mbili zimekutana mara mbili na kila moja imeshinda mara moja, tunakimbilia kujumlisha mabao. Mwaka 2021 Namungo ya Ruangwa iliifunga 1º de Agosto ya Angola 6–2, ikafungwa 3–1 katika marudiano, na ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika kwa jumla ya 7–5. Katika hoki ya barafuni ya vyuo vikuu vya Marekani, ambako timu mbili kwa kawaida hukutana Ijumaa na Jumamosi, matokeo kama hayo ni ushindi mmoja kwa kila upande, wala mabao hayajumlishwi.

Anza na uwanja. Mara nyingi mechi zote mbili huchezwa kwa mwenyeji mmoja, na hapo mgeni aliyeondoka na ushindi mmoja ndiye aliyefaidi zaidi. Kanuni ya RPI, iliyotumika miaka mingi kuzipanga timu za wanaume, iliupa ushindi wa ugenini uzito wa 1.2 na wa nyumbani 0.8. Ikiwa kila timu imeshinda kwake, matokeo hayo hayakuambii mengi.

Kisha tazama ushindi ulipatikana lini, na hapa nakusihi usiwe na haraka. Mchezo una dakika 60 katika vipindi vitatu. Timu zikitoka sare, huongezwa dakika 5 ambazo kila upande hubaki na wachezaji watatu na kipa. Katika ligi nyingi za vyuo, ushindi ndani ya dakika 60 una pointi 3, ushindi wa muda wa nyongeza una pointi 2, na aliyefungwa katika muda huo hupata 1. Timu iliyoshinda Ijumaa ndani ya dakika 60, kisha ikafungwa Jumamosi katika nyongeza, imechukua pointi 4 kati ya 6, na mtu akisema wametoshana nguvu, msimamo wa ligi utamkatalia.

Usiyaamini mabao kabla ya kusoma dakika zake. Timu inayodaiwa bao moja mwishoni humtoa kipa ili iongeze mshambuliaji, na mpinzani akikinasa kisahani kinachochezewa hufunga katika lango tupu. 4–2 ya namna hiyo ilikuwa 3–2 karibu hadi mwisho. Angalia pia kama kipa wa siku ya pili ni yuleyule.

Mechi inayoanza saa 1 usiku wa Ijumaa huko Minnesota, wakati wa baridi, kwetu ni saa 10 alfajiri ya Jumamosi. Andika tathmini yako mchana huohuo, kabla matokeo ya pili hayajaibadili, kisha uirudie mwezi Machi, timu 16 za mashindano ya taifa zinapotajwa, kwa kuwa thamani ya kumfunga mpinzani hupanda na kushuka kadiri naye anavyoendelea kushinda au kufungwa na wengine.