Mbio za ugenini: kuanzia fomu ya kujiandikisha hadi safari ya kurudi

Mbio za karibu na nyumbani husamehe. Ukisahau soksi unapiga simu unaletewa, na kona zote za njia unazijua. Ukipanda ndege kwenda kukimbia, vitu vidogo vya namna hiyo ndivyo vinavyoweza kula miezi minne ya mazoezi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi imalizike kabla hujafika kwenye mstari wa kuanzia.

Soma kanuni kabla ya kulipa

Wengi hutazama tarehe na ada, wanalipa, kisha kanuni wanazisoma wiki ya safari. Geuza utaratibu huo.

Kwanza, namna ya kupata nafasi. Marathoni ya Boston inataka muda wa kufuzu kulingana na umri na jinsia, uliopatikana kwenye njia iliyopimwa rasmi. Na hata ukiufikia, waombaji wakizidi nafasi, wenye kasi zaidi ndio wanaochukuliwa. London, Berlin na Tokyo hutoa nafasi nyingi kwa droo. Mbio kuu za UTMB, zile za milimani kuzunguka Mont Blanc kule Chamonix, Ufaransa, zinadai kwanza ukimbie mbio nyingine za mfululizo wake ili upate kinachoitwa Running Stones, ndipo uingie kwenye droo. Maana yake ni kwamba mpango wa mbio za namna hii huanza mwaka mmoja au miwili nyuma. Ukishaingia kwenye droo, weka nafasi ya chumba kinachoweza kufutwa bila gharama siku hiyohiyo; majibu yakitoka, vyumba vya karibu na mstari huisha haraka.

Pili, karatasi. Ufaransa, tangu 2024, cheti cha daktari kimebadilishwa na PPS, somo fupi la afya la mtandaoni linalokupa namba ya kuonyesha. Italia bado wanadai cheti cha daktari kwa mbio za ushindani. Afrika Kusini, asiye mwanachama wa klabu hununua leseni ya muda. Kama unahitaji viza, omba waandaaji barua ya kuthibitisha ushiriki mapema, kabla ya kununua tiketi.

Tatu, bima. Bima nyingi za safari huondoa mashindano au uokoaji wa milimani katika maandishi madogo ya mwisho. Kwa mbio za vijia vya juu, tafuta inayotaja uokoaji kwa helikopta kwa jina.

Na usinunue namba ya mtu mwingine. Mbali na kufungiwa, ukizimia njiani madaktari watasoma taarifa za mwenye namba, si zako.

Jifunze njia, si umbali tu

Kilomita 42.195 ni zilezile kila mahali, lakini miguu haizichukulii hivyo. Boston huanzia Hopkinton, takriban mita 150 juu ya usawa wa bahari, na kuishia karibu na usawa wa bahari penyewe. Anayeitazama kwa juu juu huona mteremko akafurahi. Tatizo ni kwamba mteremko mkali uko mwanzoni, miguu ikiwa bado mipya, na vilima vya Newton vinakuja baadaye, cha mwisho kikiwa Heartbreak Hill karibu na kilomita ya 33. Aliyejiachia kilomita sita za kwanza anafika hapo mapaja yakiwa tayari yamepondeka. New York ni kinyume: kilomita ya kwanza inapanda daraja la Verrazzano-Narrows, kisha unashuka upande wa pili, na kilomita za mwisho ndani ya Central Park hazina utulivu, ni kupanda na kushuka.

Comrades, kati ya Durban na Pietermaritzburg, ni takriban kilomita 88 hadi 90, na mwelekeo kwa kawaida hubadilishwa mwaka hadi mwaka. Mwaka wa kushuka ndio unaodanganya watu. Kupanda huchosha pumzi. Kushuka hupasua nyuzi za misuli ya mbele ya mapaja, kwa sababu kila hatua misuli inakaza huku ikivutwa. Pumzi ukipunguza mwendo inarudi. Paja lililopasuka halirudi siku hiyo.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza upesi. Mazoezi ya kwanza ya mteremko yatakuacha ukishuka ngazi kinyumenyume. Ya tatu huyasikii sana, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Tafuta mteremko wa asilimia 5 hadi 8, shuka kwa dakika 3 kwa kasi utakayotumia siku ya mbio, panda ukitembea, rudia mara 6 hadi 8. Fanya hivyo mara moja kwa wiki kwa wiki tano au sita, na zoezi la mwisho liwe siku 10 hadi 14 kabla ya mbio. Ukilisogeza karibu zaidi, utaanza mbio ukiwa na maumivu. Hatua ziwe fupi na za haraka, magoti yamekunjwa kidogo. Anayeegemea nyuma na kutupa kisigino mbele anajipiga breki kwa goti.

Kwa mbio za vijia, usitumie kilomita peke yake kukadiria muda. Kanuni inayotumiwa na ITRA, chama cha kimataifa cha mbio za vijia, kupima ugumu ni hii: chukua kilomita, ongeza kilomita moja kwa kila mita 100 za kupanda. Mbio za kilomita 50 zenye mita 2,500 za kupanda zinakuwa sawa na 75. Kama mwendo wako wa siku nzima kwenye tambarare ni dakika 7 kwa kilomita, hesabu inatoa saa 8 na dakika 45. Ongeza dakika 5 kwa kila kituo cha maji na chakula. Vikiwa sita, ni nusu saa nzima. Sasa linganisha na muda wa kufungwa kwa kila kituo, sio ule wa mwisho tu. Kuna mbio ambazo ukomo wa mwisho ni mpana lakini kituo cha pili kinafungwa mapema mno, na huko ndiko watu wa kasi ya wastani wanakotolewa. Angalia pia kama saa inahesabiwa tangu bunduki ilipolia au tangu ulipovuka mstari: ukianza kundi la nyuma, tofauti inaweza kuwa dakika 20.

Mizigo

Viatu, nguo za kukimbilia, saa na chaja yake vinakaa kwenye begi la mkononi. Begi la chini ya ndege likipotea, mengine yote utayapata dukani; viatu vilivyozoea mguu wako hutavipata. Jeli za nguvu huhesabiwa kama kimiminika kwenye ukaguzi wa viwanja vingi, kwa hiyo ukibeba nyingi ziweke kwenye begi la chini na ubaki na chache mkononi. Betri za akiba za taa ni kinyume chake: za lithiamu lazima ziende nawe ndani. Fimbo za mlimani mara nyingi hukataliwa ndani ya ndege.

Vifaa vya lazima vya mbio za milimani hukaguliwa, na wanaokwama kwa kawaida hukwama kwenye koti. UTMB, kwa mfano, inataka koti lenye kofia, linalozuia maji kwa kiwango cha milimita 10,000 za safu ya maji na mishono iliyozibwa kwa utepe. Geuza koti lako ndani nje: usipoona utepe juu ya mishono, hilo ni la upepo tu, hata kama muuzaji alisema vingine. Orodha yake ina pia taa mbili za kichwani, kila moja na betri ya akiba, blanketi la dharura la mita 1.4 kwa 2, filimbi, kikombe chako na uwezo wa kubeba angalau lita moja ya maji. Kabla ya safari, pakia mkoba huo na ukimbie nao kwa muda wa saa tatu. Mkoba usiosugua dukani husugua mabega ukishalowa jasho na kujaa maji.

Siku za kuzoea

Mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti ya majira, na kuelekea mashariki ni kugumu zaidi kwa sababu unalazimika kulala kabla usingizi haujaja. Anza siku tatu au nne kabla ya safari kusogeza usingizi kwa nusu saa hadi saa nzima kila siku. Usiku wa mwisho kabla ya mbio wengi hawalali vizuri, na hilo halina madhara makubwa. Linda usiku wa kabla ya huo.

Joto linahitaji siku 10 hadi 14 za kuzoea. Mwinuko unataka zaidi: wiki mbili au tatu. Kama huna muda huo na mbio ziko juu ya mita 1,500, kama zile za Lewa, Kenya, zilizo kwenye takriban mita 1,700, punguza tu matarajio ya kasi, ukimbie kwa pumzi na si kwa saa.

Chakula cha kujaza akiba ni gramu 10 hadi 12 za wanga kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku moja na nusu hadi mbili. Mtu wa kilo 60 anakula gramu 600 au zaidi, kiasi ambacho hakipatikani kwa sahani moja kubwa ya usiku. Kinagawanywa mchana kutwa, nyuzinyuzi zikipunguzwa. Vyakula vigeni vionje baada ya mbio.

Namba yako ichukue siku ya kwanza maonyesho ya mbio, pale namba zinapotolewa, yanapofunguliwa, kisha ondoka. Kuzunguka kwenye zege kwa muda wa saa nne ni mazoezi ambayo hayapo kwenye ratiba yako. Chipu ya muda mara nyingi imebandikwa nyuma ya namba: usiikunje, usiitoboe kwa pini, na mkanda wa mkoba usiifunike.

Asubuhi na njiani

Mbio za kutoka sehemu moja hadi nyingine zina kipindi kirefu cha kusubiri. New York watu hukaa saa kadhaa Staten Island kwenye baridi ya Novemba. Vaa nguo kuukuu za kutupa, kalia kipande cha plastiki, na uwe na chakula cha pili cha saa moja na nusu kabla ya kuanza.

Barabarani, usiamini saa ya GPS kwa kila mita. Njia rasmi hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote, na juu yake huongezwa asilimia 0.1 ili isije ikapungua. Wewe utakata kona kwa upana na kuwapita watu, hivyo saa itasoma kitu kama 42.6. Anayetaka saa 4 kamili akihesabu dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita atachelewa. Kwa kilomita za saa yake anahitaji 5 na sekunde 38. Au abonyeze mwenyewe kila kibao cha kilomita anapokipita.

Wanga njiani ni gramu 60 kwa saa. Wanaofika 90 hutumia mchanganyiko wa glukosi na fruktosi, na wamelizoesha tumbo kwa wiki nyingi. Jeli yenye gramu 25 za wanga kila dakika 25 inatosha, yaani 9 au 10 kwa mwendo wa saa nne. Uliza mapema ni aina gani itatolewa njiani uijaribu nyumbani.

Maji kunywa kwa kiu. Kunywa kila kituo kwa hofu hushusha sodiamu ya damu, na hali hiyo huua. Dalili ni tumbo kujaa, vidole kuvimba hadi pete inabana, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa. Anayeziona asiongezewe maji, apelekwe kwa madaktari. Dawa kama ibuprofen ziache: figo zikiwa na upungufu wa maji haziwezi kubeba mzigo huo.

Milimani, panda ukitembea pale pumzi inapokatika, na tembea kabla ya kulazimika. Kokoto ikiingia kiatuni, simama hapo hapo. Sekunde 60 za kuitoa ni nafuu kuliko lengelenge la kilomita 30. Usipoona alama ya njia kwa dakika tano, rudi ulikoiona ya mwisho. Kuendelea kwa matumaini ndiko kunakopoteza watu.

Kwenye begi linalokusubiri katikati, kama lile la Courmayeur karibu na kilomita ya 80 ya UTMB, weka vitu kwa mpangilio wa kuvitumia: soksi kavu na mafuta ya miguu juu, kisha betri, kisha fulana, mwisho chakula chenye chumvi. Andika orodha kwa kalamu nene uibandike ndani ya mfuniko, maana saa kumi na mbili baadaye akili haitafuti vizuri.

Kurudi

Usipande ndege usiku uleule. Damu huganda kwa urahisi zaidi miguu ikiwa imevimba na mwili umekauka, kwa hiyo lala usiku mmoja, tembea, kunywa, kisha chagua kiti cha kando ya njia uweze kusimama kila saa. Maumivu ya kigimbi (nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti) ya upande mmoja yanayoambatana na uvimbe, au kubanwa kifua, ni ya daktari, hata kama unadhani ni uchovu.

Kabla ya kuondoka mjini, fungua ukurasa wa matokeo uangalie vituo vyote vya chipu. Kimoja kikikosekana unaweza kuondolewa, na kurekebisha ni rahisi ukiwa bado una rekodi ya saa yako na unaweza kuongea na mratibu ana kwa ana.