Saratani ikifika nyuma ya jicho: namna ya kupima nyumbani na kuwahi tiba

Saratani ya titi, mapafu na tezi dume huweza kusambaa hadi kwenye tundu la jicho, pengine miaka mingi baada ya mgonjwa kuambiwa amepona. Kuta za tundu hilo ni mfupa, hivyo uvimbe husukuma jicho mbele, hukaza misuli inayoligeuza, au huibana neva ya kuonea. Neva ikishakufa, hakuna dawa wala miwani itakayorudisha uoni.

Kosa kubwa ni kupima macho mawili kwa pamoja, kwani jicho zima huficha hasara ya lenzake. Mkalishe mgonjwa penye mwanga, avae miwani yake ya kusomea, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, asome, kisha abadilishe na kusoma maandishi yaleyale. Halafu mwonyeshe kifuniko chekundu cha chupa. Wekundu ukififia kwa jicho moja, huenda neva imeshabanwa, hata kama bado anasoma vizuri.

Simama nyuma yake, ainue uso kidogo, utazame kutoka juu ya paji: jicho lipi limetokeza zaidi? Saratani ya titi wakati mwingine hufanya kinyume, ikalivuta jicho ndani, na ndugu wakadhani ni kope tu iliyolegea. Mwishowe afuate kidole chako kila upande, aseme ni wapi anakiona viwili.

Uoni ukipungua au rangi ikififia, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Msingoje tarehe ya kliniki. Bebeni majibu ya zamani na mtaje saratani kabla ya kuulizwa, maana jicho jekundu lililovimba ni rahisi kutibiwa kama maambukizi. Ulizeni kuhusu picha ya CT au MRI ya matundu ya macho pamoja na ubongo.

Tiba kuu ni mionzi, mara nyingi Grei 30 (kipimo cha mionzi) kwa vipindi 10. Tanzania hutolewa katika hospitali kama Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Daktari akiandika deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, inywewe baada ya chakula na isikatishwe ghafla. Mwenye kisukari apimwe sukari kila siku, kwani itapanda.

Jicho lisilofumba hukauka na kupata kidonda kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Mtieni machozi bandia mchana, marhamu ya macho usiku, kisha mfunge kope kwa plasta laini, mkihakikisha imefumba kabisa kwanza. Anayeona viwili azibe jicho moja, asiendeshe gari, na ashikwe mkono kwenye ngazi.