Kutoka Vepu ya Podi hadi Modi ya Kimekanika: Mwongozo kwa Mvutaji wa Mombasa

Ndani ya vepu ndogo ya podi, yaani sigara ya kielektroniki, mna saketi inayokulinda bila wewe kuiona: hupima ukinzani wa koili (waya uliosokotwa unaopata moto na kuigeuza juisi ya nikotini kuwa mvuke), huizuia betri isitoe mkondo kupita kiasi, hukata umeme chaji inapokwisha na hukizima kifaa pakitokea shoti. Modi ya kimekanika haina hata kimoja kati ya hivyo. Ni bomba la shaba au la chuma kisichoshika kutu, lenye kitufe, betri moja ndani na atomaiza juu, yaani sehemu inayobeba koili na pamba yenye juisi, na ukibonyeza kitufe umeme hutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye koili. Kazi yote ya saketi inakuwa yako, tena yafaa uimalize kabla ya kubonyeza.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyekwisha kuzoea nikotini. Asiyevuta hana sababu ya kuanza, na aliye chini ya miaka 18 haumhusu. Kwa maoni yangu, usiruke kutoka podi hadi bomba la kimekanika kwa hatua moja. Nunua kwanza atomaiza ya kujisukia koili, uifunge juu ya modi yenye saketi, na uendelee hivyo mpaka uweze kukisia ukinzani wa koili yako kabla ya kuipima na makisio yako yawe sahihi. Ukikosea katika kipindi hicho, skrini ya modi itakuonyesha kosa na kifaa kitakataa kuwaka. Bomba la kimekanika halikatai.

Hesabu yenyewe ni ya kidato: mkondo ni volti ukigawanya kwa omu. Betri iliyojaa ina volti 4.2, kwa hiyo koili ya omu 0.5 itavuta ampea 8.4 na kutoa takribani wati 35. Koili ya omu 0.3 itavuta ampea 14. Ya omu 0.15 itavuta ampea 28, nazo ni nyingi mno hata kwa betri nzuri. Piga hesabu kwa volti 4.2 kila mara, hata kama betri imeshuka, kwa sababu ipo siku utaitia ikiwa imejaa. Anayeanza asishuke chini ya omu 0.5. Modi zinazopanga betri mbili kwa mfululizo ziache kabisa, kwani koili ileile ya omu 0.5 itapata volti 8.4 na kutoa wati 141.

Betri inayotumika sana ni ya 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Cha kutazama ni ampea inazoweza kutoa mfululizo, wala si ukubwa wa chaji uliochapishwa ubavuni. Samsung 25R hutoa ampea 20, Sony VTC5A hutoa 25. Ukiona 18650 imeandikwa miliampea-saa 5000 au 9900, irudishe mezani, maana maandishi hayo ni ya uongo. Usikubali pia betri zilizochomolewa kwenye laptopu kuukuu, hata fundi akikuapia kwamba ni nzima, kwa sababu hazikutengenezwa kwa mkondo mkubwa na hujui zimepitia nini.

Kabla ya kuitia betri, izungushe karibu na jicho, hasa ukingoni kwenye ncha chanya. Kopo lote la nje la betri ni hasi, hadi juu kabisa, na kinachotenganisha hasi na chanya pale ni kiduara chembamba cha karatasi na ngozi ya plastiki. Mchubuko mdogo kama wa ukucha watosha kupiga shoti dhidi ya bomba. Ngozi mpya ni rahisi kupata na huvishwa kwa hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele.

Kwa koili ya kwanza chukua waya wa Kanthal, ambao ni waya wa kupashia joto, wa geji 24 (unene), uusokote mizunguko saba juu ya kijiti cha milimita 3; utapata takribani omu 0.6. Ifunge kwenye deki, yaani kitako cha atomaiza chenye skrubu za kushika koili, kata ncha zilizobaki zisiguse ukingo, kisha ipime kwa kipima omu. Juu ya modi yenye saketi, iwashe kwa wati chache na kwa vipindi vifupi, huku ukiibana taratibu kwa kibano cha kauri umeme ukiwa umekatwa, mpaka wekundu uanzie katikati na kuenea sawasawa kwenda kando. Ikianza kuwaka pembeni, kaza skrubu na ubane tena. Pima omu mara nyingine kabla ya kuihamishia kwenye bomba. Pamba ipite ndani ya koili kwa kugusa kidogo, isilegee wala isiivute koili; ilowanishe kabisa kabla ya pumzi ya kwanza. Juisi ya podi yenye nikotini ya miligramu 35 au 50 kwa mililita usiitie humu, kwa kuwa mvuke ni mwingi zaidi. Miligramu 3 zinatosha.

Kagua jinsi atomaiza inavyokutana na betri. Katika modi nyingi pini ya katikati ya atomaiza hugusa betri moja kwa moja, na ikiwa haikuchomoza wazi kupita nyuzi za skrubu, nyuzi hizo zitagusa chanya na kuleta shoti papo hapo. Hakikisha pia matundu ya kutolea gesi hayajaziba. Mnamo Mei 2018 huko St. Petersburg, Florida, mtu alifariki baada ya modi ya aina hii kulipuka.

Hewa ya bahari ya Mombasa huifubaza shaba upesi, na uchafu huo huongeza ukinzani na kupasha joto kitufe. Sugua nyuzi na vigusio kwa ndimu kama masinia ya shaba, suuza, kausha kabisa. Usiache modi ndani ya gari lililoegeshwa juani, na ukipanda matatu au kubanana kwenye feri ya Likoni, toa betri uiweke kwenye kijaluba chake cha plastiki, mbali na funguo na sarafu. Chaji kwa chaja ya nje ukiwa macho, na badilisha betri ikifika volti 3.5 hivi, kwani hakuna kitakachoikata kwa niaba yako. Bomba likianza kuwa la moto mkononi, achia kitufe, liweke nje kwenye sakafu au mchanga, na usilisogelee hadi lipoe.