Ofisi Isiyomtenga Mtu: Anzia Kikaoni

Kampala, kikao huanza kwa Kiingereza kisha kikahamia Kiganda, na mwenzenu aliyetoka Arua, asiyejua Kiganda, akabaki kimya. Kubalianeni lugha mapema. Tuma ajenda siku 2 kabla, na mpe kila mtu dakika 2 za kusema kabla ya bosi; bosi akitangulia, wengine humuunga mkono tu, na mawazo mazuri hupotea hapo.

Kidato cha mlangoni chenye kimo cha sentimita 15 kinahitaji rampu (njia ya mteremko) yenye urefu wa sentimita 180. Ikiwa fupi zaidi, mwenye kiti cha magurudumu hapandi peke yake.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke hatua za kuzuia unyanyasaji wa kingono. Teueni wapokea malalamiko wawili, mwanamke na mwanamume: mpokeaji akiwa bosi mmoja tu, huenda ndiye anayelalamikiwa.