Leseni, vipimo na msimu: mambo ya kujua kabla hujatupa ndoana

Watu wengi wakianza kuvua kwa fimbo cha kwanza wanauliza rili gani nzuri (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) na chambo gani samaki anakipenda, mambo ya leseni wanayaacha mpaka siku afisa uvuvi amesimama nyuma yao anaomba kuona karatasi. Mi nashauri uanze na sheria, na siyo kwa kuogopa faini tu, ni kwamba ukishajua kila sheria imewekwa kwa nini unakuwa umemjua samaki mwenyewe, anataga lini, anakaa wapi, anachoka na nini, na hapo hata kuvua utavua vizuri zaidi.

Leseni kila nchi ina utaratibu wake so usichukulie kwamba huko unakoenda ni sawa na kwenu. Marekani kila jimbo linatoa leseni yake, ukivuka mpaka wa jimbo ile ya mwanzo haikusaidii labda pawe na makubaliano kwenye maji ya mpakani. Uingereza upande wa England kuanzia miaka 13 lazima uwe na leseni ya fimbo kwa samaki wa maji baridi. Ujerumani kwa kawaida unasoma kwanza afu unafanya mtihani ndo unapewa kibali. Kwa hiyo ulizia mapema, tena uliza mambo mawili tofauti: leseni ya kuvua, na ruhusa ya kuwepo pale unapotaka kuvulia, maana leseni ya serikali haikupi haki ya kukatiza shamba la mtu au kuingia kwenye bwawa lake. Na angalia inaisha lini, zingine zinaisha tarehe moja kwa watu wote hata kama umeinunua juzi. Ukiwa nayo kwenye simu piga skrinshoti kabisa, kule mtoni mtandao ni wa kubahatisha.

Lingine, leseni ya kujifurahisha siyo ya biashara. Sehemu nyingi hata samaki mmoja huruhusiwi kumuuza.

Haya, vipimo. Hapa ndo watu wanapokamatwa wakiwa hawajui kabisa kama wamekosea. Kuna urefu wa chini, yaani samaki akiwa mfupi kuliko hapo anarudi majini, na kuna sehemu zinaweka na urefu wa juu, wale wakubwa nao wanarudi. Hii ya pili inawaudhi watu sana lakini sababu yake ni nzito, jike kubwa linataga mayai mengi mno kuliko jike dogo, kwa samaki wengi hata ukijumlisha madogo kadhaa ya uzito uleule hayafikii mayai yake. Kupima kwenyewe kuna namna yake: unamlaza samaki juu ya ubao wa kupimia ulioulowesha, mdomo umefungwa na unagusa ule ukingo wa mwanzo, afu unasoma mkiani. Sasa mkiani wapi? Sheria zingine zinahesabu mpaka ncha ya mwisho ya mkia, zingine mpaka pale katikati mkia unapogawanyika, na kwa samaki mwenye mkia wenye panda ndefu tofauti ni kubwa ya kukuingiza matatani. Na usipime kwa kupitisha tepu juu ya tumbo, ile mviringo inakuongezea sentimita ambazo samaki hana.

Idadi kwa siku pia ni ya kila mtu na yake, usimvulie mwenzako ambaye ameshalala kwenye kiti. Tena kuna idadi ya siku na kuna idadi ya kuwa nayo, pamoja na wale waliopo kwenye friji, sehemu nyingi zinahesabu hivyo. Na usianze kumkata samaki minofu hukohuko kabla hujajua kama inaruhusiwa, afisa hawezi kupima mnofu wala kujua ulikuwa samaki gani.

Msimu ndo kitu ninachoomba watu wakitilie maanani kuliko vyote. Mito ya England kwa mfano inafungwa tarehe 15 Machi hadi 15 Juni kwa samaki wa kawaida wasio wa jamii ya salmoni, kusudi watage kwa amani. Lakini hata pale ambapo msimu haujafungwa angalia samaki anafanya nini. Sato jike anayatunza mayai mdomoni mwake, ukimtoa majini anaweza kuyatema yote pale pale na hata ukimrudisha akiwa mzima kizazi kile kimeshapotea. Besi dume, yule samaki wa mito na maziwa ya Marekani, anakaa juu ya kiota chake kulinda mayai, ukimvuta ukakaa naye dakika chache za kupiga picha, samaki wadogo wanaozunguka pale wanavamia wanakula. Na yeye kumpata ni rahisi sana kwa sababu anapiga chochote kinachokaribia kiota, sasa huo kwangu siyo uvuvi, hata kama sheria ya pale inasema ukimwachia hamna kosa. Trauti na salmoni wanafukia mayai chini ya kokoto kwenye maji yanayokimbia, utaona kipande cha kokoto safi zinang'aa kuliko zilizozunguka, usikanyage hapo, pita mbali au toka nje ya maji.

Kipindi cha joto nacho kina hatari yake. Maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo, maji baridi ya nyuzi 10 yanaweza kubeba kama miligramu 11 kwa lita, yakifika nyuzi 30 yanabaki na kama 7 na nusu, wakati samaki mwenyewe ndo anahitaji nyingi zaidi kwa sababu mwili unaenda mbio. Kwa trauti, maji yakigonga nyuzi 20 watu makini wanakunja fimbo, maana anaweza kuondoka anaogelea vizuri unafurahi afu akafa baadaye. Nunua kipimajoto kidogo ufunge kwenye kamba, vua alfajiri wakati maji yamepoa usiku kucha, na tumia mshipi wenye nguvu ya kutosha ili usimchoshe bure kwa mvutano mrefu.

Wanaovua juu ya barafu, kwa mtu mmoja anayetembea barafu iwe ngumu na angavu ya unene wa sentimita 10 angalau, ile nyeupe yenye theluji ndani ni dhaifu hivyo inatakiwa nene zaidi. Na samaki wa kurudisha usimweke juu ya theluji, matamvua yanaganda haraka.

Kumrudisha samaki: lowesha mikono kwanza, ule ute wa mwilini ndo kinga yake dhidi ya magonjwa na mkono mkavu unaufuta. Mshike chini ya tumbo, vidole visiingie kwenye matamvua. Ndoana ikiwa imemezwa mpaka ndani kata mshipi karibu na mdomo, kuivuta kwa nguvu ndo kumuua. Ndoana za duara, zile ambazo ncha imepinda kuelekea ndani, zinasaidia hapa maana mara nyingi zinashika pembeni mwa mdomo. Kwa wa kina kirefu baharini, akija juu tumbo limetokeza mdomoni usilitoboe, ni hewa imetanuka ndani, mshushe tena kwa kifaa chenye uzito mpaka kina alichotoka.

Ukimaliza usimwage chambo hai majini, ukute ni samaki wa sehemu nyingine na ndo unampandikiza. Osha buti, nyavu na boti, mwaga maji yote, kausha kabisa kabla hujaenda ziwa lingine. Na ukikuta samaki ana tagi, yaani kile kibandiko chenye namba alichofungwa mwilini, andika namba, tarehe, mahali na urefu, afu wapelekee walioandikwa kwenye hiyo tagi hata kama umemwachia.