Kuvua Tilapia kwa Mshipi Alasiri Kando ya Ziwa Kivu, Goma

Anayetaka kuvua kwa mshipi mjini Goma na aanze kwa kulielewa Ziwa Kivu lenyewe, kwa kuwa umbile lake ndilo linaloamua asimame wapi na avue nini. Kina cha ziwa hili kinapita mita 480, lakini sehemu kubwa ya kina hicho haina samaki hata mmoja, kwa sababu kuanzia mita 60 au 70 hivi kwenda chini maji hayana oksijeni, bali yamejaa kaboni dioksidi na methani. Sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hukaa mbali na ukingo na hupanda juu usiku kutafuta chakula, ndiyo maana wavuvi wao hutoka jioni na taa. Samaki wa mvuvi wa alasiri ni tilapia, ambaye hujitafutia chakula katika ukanda mwembamba wa maji mafupi karibu na nchi kavu.

Vifaa ni vichache: ufito wa mwanzi mkavu wa mita tatu au nne, mshipi mwembamba wa nailoni unaolingana nao kwa urefu, chubwi dogo, boya la kizibo, na ndoana ndogo, kwa maana mdomo wa tilapia si mpana. Kwa chambo napendelea nyungunyungu kuliko fufu, ambayo hulainika na kubanduka upesi majini. Katika mitaa iliyofunikwa na lava udongo ni haba, kwa hiyo nyungunyungu watafutwe mapema chini ya migomba, na wabebwe pamoja na udongo wao wenye unyevu.

Kuhusu mahali pa kukaa, namwomba msomaji asiharakishe. Ukingo wa Goma na ule unaoelekea mji wa Sake una mazuku: kaboni dioksidi hupenya kwenye nyufa za ardhi na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni na mabondeni, bila rangi wala dalili ya kumwonya anayeingia. Upepo na jua la mchana huipunguza, lakini shimo lililokingwa na miamba linaweza kubaki nayo hata saa tisa alasiri. Nyasi zilizokauka katika shimo moja ilhali za jirani ni mbichi, au mijusi na ndege waliokufa hapo, ni sababu tosha ya kuondoka. Kaa juu ya mwamba ulio wazi kwa upepo, usishuke shimoni kutafuta kivuli, na usimlaze mtoto humo. Mtu akianguka shimoni, usimrukie, kwani wengi hufa wakijaribu kuokoa. Ita watu, atolewe kwa kamba mkiwa juu.

Ukishatulia, pima kina kwa kusogeza boya mpaka chambo kielee kidogo juu ya chini ya ziwa, kisha kitupe taratibu pale mwamba unapokutana na mchanga. Tilapia halivuti boya kwa nguvu. Kwanza boya hutikisika kidogo na kutoa viduara majini, hutulia, halafu husogea upande kama linalosukumwa na upepo. Hapo ndipo pa kuinua kiwiko, kwa mwendo mfupi na mwepesi, kwa sababu ukivuta kwenye mtikisiko wa kwanza utainua ndoana tupu. Akinasa, mweke mbali na mawe yenye ncha yanayokata nailoni, umchoshe, kisha umlete ukingoni.

Lowesha mikono kabla ya kumshika. Jike la tilapia hulea mayai na vifaranga kinywani, na ukiona punje za manjano zikimtoka mdomoni, mrudishe majini bila kuchelewa. Vivyo hivyo wale wasiofikia urefu wa kiganja. Wa kupeleka nyumbani apasuliwe na kutolewa matumbo papo hapo, afungwe kwa majani mabichi ya mgomba na kuwekwa kivulini.

Mawingu yakianza kujikusanya juu ya milima, usingoje mvua: mashariki mwa Kongo hupigwa na radi kuliko sehemu nyingi za dunia. Laza ufito chini na uondoke ukingoni. Hata siku isiyo na mvua, ondoka kabla ya machweo, kwa kuwa upepo ukitulia mazuku huanza kujaa tena.